Jogoo wa Bi Mishi na Sheria ya Ufaransa

Ukitaka kuijua tabia ya mtu, usimpe pesa. Mpe ufunguo wa tangi la maji. Mativo alipewa ufunguo wa tangi la Ploti Tisini, ua wa vyumba vya kupanga nyuma ya Soko la Burma, Nairobi, miaka sita iliyopita, na tangu siku hiyo akaacha kutembea kama watu. Akawa anatembea kama anakagua gwaride. Kabla ya hapo alikuwa mtunza stoo huko Industrial Area, mtu mpole tu, ukimsalimu anaitika. Sasa alikuwa Mwenyekiti wa Kamati, na kamati ilikuwa na daftari, na daftari lilikuwa na kanuni kumi na moja. Mungu atuepushe na mtu mwenye daftari.

Basi Jumatano jioni kamati hiyo iliketi uani kwenye viti vya plastiki, ikamhukumu jogoo kifo.

Jogoo mwenyewe alikuwa wa Bi Mishi, mjane anayekaanga mahamri na viazi karai pale langoni. Jogoo huyo jina lake Karani. Mshtaki alikuwa Wandera, kijana anayefanya kazi ya usiku katika kiwanda cha sabuni. Hurudi asubuhi macho mekundu, na akishalaza kichwa tu, Karani anaanza. Wandera hakuwa mtu mbaya. Hata kushtaki alishtaki akiwa ameinamisha kichwa, maana mahamri ya Bi Mishi ndiyo yaliyomlea tangu atoke kwao Busia.

"Jumamosi, baada ya usafi, jogoo atachinjwa," Mativo akatoa hukumu. "Mwenye jogoo akitaka supu, atapewa bakuli."

Bi Mishi akasogea mbele ya viti. Najua wapo watakaosema kuku ni kuku. Hao waacheni. Marehemu mumewe, Farid, ndiye aliyemleta Karani nyumbani, kifaranga ndani ya mfuko wa koti, na wiki mbili baadaye Farid akafa ghafla, hata chai yake haijapoa. Kwa miaka ishirini na tisa Farid ndiye aliyekuwa akimwita kila alfajiri: "Mishi! Mishi we! Amka, unga unakungoja." Baada ya arubaini nyumba ikanyamaza. Ndipo alfajiri moja kile kifaranga, kilichokua bila mtu kukiangalia, kikapanda juu ya karai lililofunikwa kikawika kwa sauti mbovu kama ya mvulana anayebaleghe, na Bi Mishi akajikuta ameitika, "Labeka!" Alilia siku hiyo mpaka unga ukaumuka ukamwagika. Hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyemwita alfajiri, na huyo ndiye ambaye Mativo alitaka kumtia kwenye supu.

"Mnamchinja kwa sheria gani?" akauliza.

"Kanuni ya saba. Kelele."

"Kanuni ya saba inasema redio."

Kweli ilisema redio. Katibu wa kamati, Maalim Idarusi, aliyefundisha madrasa miaka arobaini na asiyekubali neno limpite bila kulikagua, alifungua daftari akasoma kwa sauti: redio, spika na ngoma za harusi. Jogoo hayumo. Watu wakaguna, na Mativo akavimba.

"Basi leteni sheria!" akafoka. "Kama kuna sheria yoyote hapa duniani inayomtetea jogoo, iletwe kabla ya Jumamosi, na kamati itaisikiliza. Duniani, nimesema!" Akacheka peke yake.

Ulimi hauna mfupa. Maalim Idarusi alilowesha kidole, akafungua ukurasa mpya, akaandika: *duniani*.

Kesho yake asubuhi Bi Mishi alimwachia jirani karai lake akaenda kwa Wekulo. Wekulo ana duka la kompyuta, saiba kama wenyewe wanavyoiita, hapo kona, pamoja na mashine ya kuchapa inayokohoa. Aliwahi kusomea uwakili mwaka mmoja na nusu, kisha yeye na chuo wakaachana kwa sababu ambazo kila mmoja anasimulia kivyake. Lakini suti anayo.

"Tulia, Bi Mishi," akasema. "Hii kesi ni ya mteremko."

Akaiuliza ile programu inayojibu maswali ya kila mtu, na kabla Bi Mishi hajamaliza kuketi, hukumu ikaja imenyooka kama kanzu ya Idi: jogoo dhidi ya jirani yake, Mahakama ya Rufaa ya kisiwa kimoja cha mbali sana, ukurasa wa 412, na maneno ya jaji yakiwa matamu hata Bi Mishi akatokwa na machozi. Wakaichapa. Wakaipeleka mbio kwa Maalim Idarusi aikague mapema.

Maalim akaisoma, akaigeuza, akaitazama tena.

"Sanad yake iko wapi?"

"Sanad gani, Maalim?"

"Nani kakupa habari hii?"

"Kompyuta."

"Na kompyuta kapewa na nani?"

Wekulo akaichukua karatasi akatafuta jina la mtu, halipo.

"Sikiza, mwanangu. Mtu akikuletea neno, unamuuliza kalisikia kwa nani, na huyo kalisikia kwa nani, mpaka ufike kwa aliyelisema kwa kinywa chake. Neno lisilo na sanad ni umbeya uliovaa suti." Akamwangalia Wekulo suti yake. "Nenda ukamtafute aliyelisema."

Wekulo akarudi saibani akaingia kwenye kumbukumbu za mahakama ya kisiwa kile. Kesi haikuwepo. Jaji hakuwepo. Hata ukurasa wa 412 haukuwepo, kwani kitabu chenyewe kiliishia ukurasa wa 390. Ile programu ilizua yote, na ilipoulizwa ikaomba radhi kwa adabu kubwa, kisha ikazua nyingine.

"Hata mashine zinasema uongo siku hizi?" Bi Mishi akashangaa. "Tena uongo wenye namba za kurasa! Astaghfirullah."

Wekulo akavua koti. Sasa akatafuta kama mtu aliyepoteza kitambulisho: sheria za nchi hii, sheria za nchi ile, za nguruwe, za kasuku, za nyuki. Saa nane mchana akapiga meza mpaka mteja aliyekuwa akichapa barua ya kuomba kazi akaruka.

Ufaransa! Huko jogoo mmoja wa kisiwani alishtakiwa na majirani, akashinda mahakamani. Na baadaye Bunge lao lenyewe likaketi, watu wazima na tai zao, likapitisha sheria nambari 2021-85 ya tarehe 29 Januari 2021, ya kulinda sauti na harufu za mashambani. Na haya hayakutoka kwa programu. Yalikuwa kwenye tovuti ya serikali ya Ufaransa, ambako sheria zao zote zimewekwa.

Shida ikawa imeandikwa Kifaransa. Ikabidi waende kwa kinyozi Mkongomani, ambaye aliitafsiri akiwa na mashine ya kunyolea mkononi na mteja wa nusu kichwa akisubiri kitini.

"Sauti na harufu," akasoma, "ni sehemu ya urithi wa taifa."

"Na harufu?" Bi Mishi akauliza.

"Na harufu, mama."

"Hao ni watu," Bi Mishi akasema. "Hao ni watu kabisa."

Jioni hiyo ya Alhamisi kamati ikaketi tena. Safari hii Maalim Idarusi alipouliza sanad, Wekulo alijibu bila kupepesa: Bunge la Ufaransa limesema, serikali ya Ufaransa ikaandika, kinyozi akafasiri, mimi nikachapa, na huyu hapa kinyozi mwenyewe. Maalim akatikisa kichwa kwa raha. "Imeshikana," akasema. "Kinyozi nimnyooshee kidole kidogo kwa lafudhi, lakini imeshikana."

Uso wa Mativo ukabadilika rangi. Aliisoma karatasi mara tatu. Kisha kidogo kidogo tabasamu likarudi, na hapo kila mtu akajua kumeharibika.

"Sawa. Lakini hii sheria si ya hapa. Imetoka nje. Maana yake ni mgeni. Na mgeni, ndugu zangu, ana kanuni yake. Katibu, soma kanuni ya tatu."

Maalim akasoma: "Kila mgeni aandikishwe kitabuni. Awe na mwenyeji. Asihojiwe kabla hajapumzika. Mgeni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe, yaani ashiriki usafi wa ploti kama mwenyeji."

Kanuni hiyo Mativo aliiandika mwenyewe, kuzuia watu kulaza mashemeji miezi mitatu.

"Umesikia?" akasema. "Mgeni hahojiwi kabla hajapumzika. Leo Alhamisi imefika, imechoka, Ufaransa si kama hapo Huruma. Tutaisikiliza Jumamosi asubuhi. Mchinjaji nimeshamwita, atakuwepo." Akaufunga mkutano kwa kupiga ufunguo wa tangi kwenye meza.

Wekulo alitaka kubisha kwamba sheria si mtu, lakini Maalim alikuwa ameshafungua kitabu cha wageni, na Maalim akifungua kitabu hafungi hadi ajaze.

"Jina?"

"Sheria."

"Jina la baba?"

"Bunge," akasema kinyozi.

"Sheria Bunge. Atokako, Ufaransa. Nambari ya kitambulisho, 2021-85. Mizigo?"

"Ukurasa mmoja."

"Mwenyeji?"

"Mimi," akasema Bi Mishi, na akasimama wima. Asili yake ni Lamu, na kwao mtu anaweza kukosa kila kitu ila si adabu ya mgeni. Kama Mativo alidhani anamchezea, alikosea mlango.

Aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akaipeleka chumbani kwake, akailaza kwenye kiti cha Farid, kiti ambacho hajakikalia mtu tangu msiba, akakitandikia leso mpya. Akaiwekea chai ya tangawizi na sahani ya mahamri. Ndiyo, karatasi. Wewe cheka tu, lakini ungekuwa na roho moja tu inayokuita alfajiri, na roho hiyo iko mikononi mwa karatasi, ungeiwekea na biriani.

Ijumaa nzima watu walikuja kumsalimu mgeni. Katika ploti ile hairuhusiwi mgeni kuingia bila kuamkiwa, na hakuna aliyetaka kuonekana hana adabu. Everline wa chumba cha nne alikuja na ndizi, akauliza kama hao wa Ufaransa wanakula ugali. Watoto walisukumwa mlangoni watoe shikamoo. Hata Wandera, mshtaki, alikuja kabla ya kwenda kazini, akasimama mbele ya kiti kile akishika kofia yake, akasema, "Karibu Kenya." Kisha akakaa akala mahamri manne, maana chakula cha mgeni hakirudi jikoni.

"Mama," akasema, mdomo umejaa, "mimi sikutaka achinjwe. Mimi nilitaka usingizi."

"Najua, mwanangu."

"Mwenyekiti ndiye aliyenisukuma nishtaki. Akaniambia ploti ya mjini haifugi kuku."

"Alisema hivyo? Ya mjini?"

"Alisema hivyo."

Bi Mishi akamwongezea chai.

Jumamosi alfajiri Karani aliwika kama kawaida, hana habari. Bi Mishi alikanda unga. "Wewe umetoka mbali," akaiambia karatasi, maana hakuna mwingine aliyekuwemo. "Sijui kwenu wanaombaje. Mimi nakuomba tu. Usiniache nikae nyumba kimya tena." Akaifunga kwenye pindo la leso, akatoka.

Uani watu walikuwa wameshika mafagio na makoleo ya kufukulia mtaro. Mchinjaji wa Burma alikuwepo pia, gambuti miguuni, kisu kimefungwa kwenye gazeti, akiangalia saa yake kama mtu mwenye shughuli nyingine. Karani alikuwa chini ya tenga, amekasirika.

"Haya, mgeni amepumzika," Mativo akasema. "Sasa tumsikilize."

Wekulo akaisoma sheria yote kwenye nakala yake, Kifaransa chake kibovu kikimchubua kinyozi masikio, kisha Kiswahili. Sauti na harufu za mashambani ni urithi, haziguswi. Watu wakapiga makofi. Mativo akainua mkono.

"Imesema za wapi?"

Wekulo akaitazama nakala. "Za mashambani."

"Rudia, wa nyuma hawakusikia."

"Mashambani."

"Mashambani! Sasa ndugu zangu, hapa ni mashambani? Hapa ni Nairobi. Hapa ni mjini, tena karibu kabisa na katikati ya mji. Huyu mgeni ni mtu mzuri, tumemkaribisha, tumemsalimu, lakini amekosea njia. Alikuwa anaenda kwa wakulima. Tumpe fea ya basi arudi." Akamgeukia mchinjaji. "Fungua kisu."

Wekulo aliketi chini pale pale, suti na yote. Alikuwa ameitafuta ile sheria kwa jasho, akaipatia sanad, na neno moja limeiua. Mchinjaji akafungua gazeti.

"Mwenyekiti," akasema Bi Mishi. "Leo mgeni wangu ana siku ya ngapi?"

"Ya ngapi? Alhamisi, Ijumaa... Ya tatu."

"Kanuni ya tatu inasemaje?"

Maalim Idarusi hakungoja kuambiwa. "Siku ya tatu apewe jembe."

"Basi mpeni jembe."

Watu wakaangua kicheko. "Karatasi ilime?" Mativo akasema. "Bi Mishi, jua limeanza kukupata mapema."

"Umeiandikisha kitabuni, umeikataza kusema siku mbili, umesema ni mgeni. Mgeni akiwa mgonjwa au mzee, mwenyeji wake humshikia jembe. Mimi nitalishika. Mpeni."

"Hoja ni ya haki," akasema Maalim. "Nani ana jembe?"

Makoleo yalikuwepo, mafagio yalikuwepo. Jembe, hakuna. Watu walianza kutazamana, kisha mmoja mmoja wakaanza kumtazama Mativo, kwa sababu ploti nzima ilikuwa na jembe moja tu, na lilikaa chini ya kitanda cha Mwenyekiti. Everline akaingia akalitoa mwenyewe. Lilikuwa na udongo mbichi.

"Jembe la mjini hili," akasema Everline.

Bi Mishi alilichukua, akalitia begani, akaenda moja kwa moja nyuma ya tangi. Huko zamani kulikuwa na uwanja wa watoto. Miaka sita sasa kumezungushwa mabati, na ndani ya mabati hayo kuna mahindi ya Mativo, mistari kumi na minne, na maharagwe katikati. Hakuna aliyewahi kuuliza. Nani angeuliza, na ufunguo wa maji anao yeye? Msimu huo yalikuwa yamebeba hasa, nywele za mahindi zimeanza kukauka, bado wiki moja tu yachomwe.

Alisukuma bati akaingia, ploti nzima nyuma yake, mchinjaji naye, kisu mkononi. Akaifungua karatasi kutoka pindo la leso, akaitundika kwenye jani la hindi.

"Mgeni kapewa usafi," akasema. "Mwenyekiti, hapa ni mjini au ni shamba? Kama ni mjini, haya ni magugu, na mimi ndio naanza." Akainua jembe.

"Ngoja!"

"Ni mjini?"

"Bi Mishi, ngoja kwanza, tuongee kama..."

"Sijui kuongea. Mimi nashika jembe la mgeni tu. Mjini?" Jembe likashuka kidogo. Bua la kwanza lilikuwa na mahindi mawili manene. Jasho lilimtoka Mativo kuanzia kipara mpaka kola. Alitazama mahindi yake, akatazama watu, akatafuta hata mmoja wa kumtetea, na hata Wandera alikuwa ameegemea bati akimsubiri ajibu.

"Ni shamba," akasema Mativo.

"Wa nyuma hawakusikia," akasema Wekulo, aliyekuwa amesimama tena.

"Nimesema ni shamba! Shamba! Mnataka nini?"

Maalim Idarusi alikuwa ameshafungua daftari. Aliandika polepole, akisoma kila neno: Kamati imeamua kwa kinywa cha Mwenyekiti wake kwamba Ploti Tisini ni shamba. Wasikilizaji, wote. Sanad, imeshikana. Mchinjaji akafunga kisu chake kwenye gazeti, akauliza kama kuna anayeuza mahindi mabichi.

Jioni sheria ikaandikwa kitabuni kwamba imeondoka salama, na Wekulo akaitia kwenye faili. Bi Mishi alienda kwa Wandera na kikapu cha mahamri. Wakakubaliana: Karani awike alfajiri, akishawika atiwe jikoni chini ya tenga na blanketi mpaka saa nne, Wandera alale. Sheria ilimpa Karani haki ya kuwika, haikumpa haki ya kumwikia mtu sikioni.

Jumapili, kabla ya adhana, Karani akapanda juu ya karai akakukurika, akatoa sauti yake mbovu. Bi Mishi alikuwa macho kitambo. Miaka yote hiyo, hata Farid alipokuwa hai, alikuwa akiamka kabla yake. Alikuwa akijilaza tu kimya, asubiri kuitwa.

"Labeka," akasema, akatupa shuka.